Hukumu Imesomwa, Sheria Ingali Kitabuni

Katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, Tanzania na Kenya zikiwamo, hukumu ya mahakama ya juu hufanya kazi mbili kwa mara moja: humaliza ugomvi wa wale waliofika mbele yake, na papo hapo huwa kesi rejea, yaani uamuzi ambao mahakama za chini zinalazimika kuufuata katika mashauri yanayofanana nao. Mahakama inapotamka kwamba kifungu fulani cha sheria kinapingana na Katiba, huongezeka kazi ya tatu ambayo mahakama haiwezi kuikamilisha peke yake, kwa sababu kifungu hicho sharti kifutwe au kiandikwe upya, na mwenye kalamu ya kuandika sheria ni Bunge. Kati ya siku hukumu inaposomwa na siku Bunge linapoitikia kuna kipindi ambacho mara nyingine huwa wiki chache na mara nyingine huwa miaka, na katika kipindi hicho watu huendelea kuoana, kukamatwa, kukatwa kodi na kuhukumiwa. Mjadala huu unauliza ni sheria ipi inayowatawala watu hao, na kwa nini baadhi ya hukumu hugeuka sheria upesi huku nyingine zikibaki karatasi.

Sauti zinazopambanishwa hapa ni za misimamo, wala hazimwakilishi mtu fulani anayejulikana. Wakili anasema kwa niaba ya wanaofungua mashauri ya kikatiba. Mwandishi wa Sheria anatoka katika kada ya watumishi wa Serikali wanaoandaa miswada kabla haijafika bungeni, kada ambayo husikika mara chache kwa kuwa kazi yake hutiwa saini na wengine. Hakimu mstaafu alianzia mahakama ya mwanzo, ngazi ya chini kabisa katika Tanzania Bara, ambako hakimu alikuwa akiketi pamoja na washauri ambao wananchi wamezoea kuwaita wazee wa baraza. Mmoja wa wazee hao, mama wa makamo, naye yupo, ingawa ataingia kati mara moja tu.

Wakili ndiye anayetangulia, na shauri analolishika ni lile lililofunguliwa na Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuhusu umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu cha 13 iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa mwanamke, ikaiachia mahakama mamlaka ya kuruhusu ndoa ya waliotimiza miaka 14 penye mazingira maalumu; kifungu cha 17 nacho kilitaka ridhaa ya baba, au ya mama ama mlezi pale baba asipokuwapo, kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Tarehe 8 Julai 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, wakaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ilikata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ngazi ya mwisho ya mahakama za nchi, iliitupa rufani hiyo. Hata kwa hesabu yenye huruma kuliko zote, ile inayoanzia siku ya hukumu ya rufani, mwaka uliotolewa ulikwisha Oktoba 2020, na marekebisho hayakuwa yamepita.

"Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana juu ya nia ya Serikali," anasema Wakili. "Katiba yenyewe ilikwisha kujibu."

Jibu analolikusudia limo katika ibara ya 30(5). Badala ya kukitamka kifungu kuwa batili, yaani kisicho na nguvu yoyote, Mahakama Kuu inaweza kuipa Serikali fursa ya kurekebisha kasoro ndani ya muda itakaoutaja, na katika muda huo sheria huhesabiwa kuwa halali hadi marekebisho yafanywe au muda uishe, mradi ule ulio mfupi ndio uzingatiwe. Kwa usomaji wa Wakili, sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito wote: muda ukishakwisha, uhai wa kifungu umekwisha pamoja nao, bila kuhitaji muswada, mjadala wala saini ya Rais.

Mwandishi wa Sheria haupingi usomaji huo, jambo ambalo linaweza kumshangaza anayemtarajia aitetee Serikali kwa kila hali. Anachokipinga ni matokeo yake. Anaeleza kwamba Sheria ya Ndoa ilitanguliwa na Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969, uliopelekwa kwa wananchi ili ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali ziwekwe chini ya sheria moja, na kwamba umri uliowekwa mwaka 1971 ulikuwa sehemu ya mapatano yaliyowezesha makundi hayo kukaa ndani ya kitabu kimoja. Mapatano hayo ni kama ukuta: ukiligusa jiwe lake moja, anasema, ni lazima uwaite tena wote walioujenga. Zaidi ya hayo, kifungu cha 13 ndicho kinachobeba umri wa chini wa ndoa katika sheria hiyo, na kikihesabiwa kuwa kimekufa chote, Sheria ya Ndoa inabaki bila umri wowote. Je, Wakili alikwenda mahakamani ili msichana wa miaka 15 asiolewe, akatoka na sheria isiyomkataza hata wa miaka 12?

Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyosikika mara ya kwanza. Ombwe la sheria, yaani hali ambapo kanuni ya zamani imeondoka na mpya haijaja, si jambo la kufikirika tu; ndilo lililowafanya watunga Katiba waweke ibara ya 30(5). Wakili anajibu kwamba ombwe halipo, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mwandishi wa Sheria anamrudishia swali: sheria hiyo inasema mtoto ni nani, lakini ni wapi inaposema kwamba ndoa ya mtoto ni batili? Hapo Wakili ananyamaza kwa muda, na kunyamaza kwake ni kwa haki.

Hakimu mstaafu ndiye anayeushusha mjadala kutoka kwenye ibara hadi mezani. Anamweka mbele yao msichana wa miaka 16, na kuwaomba wafungue vitabu vitatu kwa pamoja. Sheria ya Elimu, iliyorekebishwa mwaka 2016, mwaka uleule wa hukumu ya Mahakama Kuu, inasema anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari anastahili kifungo cha miaka 30. Sheria ya Ndoa, kama ilivyochapwa, inamruhusu msichana huyo kuolewa kwa ridhaa ya baba yake. Kanuni ya Adhabu, tangu mabadiliko ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana, inahesabu kuwa ni ubakaji mwanamume kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18, iwe aliridhia au hakuridhia, isipokuwa kama ni mkewe aliyetimiza miaka 15 na hawajatengana. Kinachoamua kama mwanamume aende gerezani au apewe cheti cha ndoa, basi, si umri wa msichana wala ridhaa yake bali ni kama jina lake limo katika rejista ya shule. Aliyeishia darasa la saba na hakuendelea, ambaye kwa kawaida ndiye maskini zaidi, ndiye mwenye kinga ndogo zaidi.

"Wakili msomi," anaongeza Hakimu, kwa heshima waliyozoea kupeana mahakamani, "hukumu ilisomwa juu ya Sheria ya Ndoa peke yake. Kanuni ya Adhabu haikuwa kwenye shauri. Ile 'kumi na tano' bado imo humo, na hakuna jaji aliyeulizwa juu yake."

Hapa panafaa kutua kidogo, kwa kuwa ndipo penye tofauti ya msingi kati ya mahakama na Bunge. Mahakama hujibu lililoulizwa. Kifungu kinachofanana na kile kilichobatilishwa kinaweza kukaa katika sheria ya jirani kwa miaka mingi, kikiwa na kasoro ileile, kwa sababu tu hakuna aliyekilalamikia. Ilhali Bunge, likitaka, linaweza kupitisha sheria moja ya marekebisho mbalimbali na kuzigusa sheria kumi kwa siku moja. Anayesema kwamba mahakama zimechukua kazi ya Bunge hana budi kueleza kwanza ni kwa nini Bunge, lenye mkono mrefu kiasi hicho, liliukunja.

Wakili anaitumia fursa hiyo kuleta hoja anayoiamini kuliko zote, nayo ni ya kasi. Tarehe 24 Oktoba 1994 Mahakama Kuu mjini Dodoma, Jaji Lugakingira akiwa kitini, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia ana haki ya kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama cha siasa. Muswada wa kulifunga jambo hilo ulikuwa umekwisha kuwasilishwa bungeni hata kabla hukumu haijasomwa, na tarehe 2 Desemba mwaka huohuo ulipitishwa, ukaiandika upya Katiba yenyewe ili hukumu ikose pa kusimama. Ilichukua siku 39. Mtikila alirudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010 kwa hoja kwamba jambo hilo ni la kuamuliwa na Bunge, kisha akashinda mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha mwezi Juni 2013. Alifariki mwaka 2015, na katika Uchaguzi Mkuu wa 2025 wagombea bado walikuwa ni wa vyama pekee. Tanzania, ambayo ndiyo mwenyeji wa mahakama hiyo ya Arusha, iliondoa mwezi Novemba 2019 tamko lake lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki huko moja kwa moja.

Kutoka Kenya Wakili analeta ushuru wa nyumba. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliwakata wafanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri naye akichangia kiasi kama hicho. Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliutamka kuwa kinyume cha Katiba, pamoja na mambo mengine kwa sababu uliwalenga wenye ajira rasmi na kuwaacha wengine, lakini wakauacha uendelee hadi tarehe 10 Januari 2024. Mahakama ya Rufaa ilipokataa mwishoni mwa Januari kuendelea kuulinda, Serikali ilikimbia bungeni, na tarehe 19 Machi 2024 sheria mpya ya nyumba za bei nafuu ilitiwa saini, ikiwa na ushuru uleule uliopanuliwa ili uwaguse hata wasio na mishahara. Miezi minne haikutimia. Vivyo hivyo kwa ukomo wa riba za benki uliowekwa mwaka 2016: Mahakama Kuu iliubatilisha Machi 2019 na kutoa miezi 12 ya kurekebisha, na kufikia Novemba ukomo wenyewe ulikuwa umefutwa na Bunge. Lakini kanuni inayotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa Bunge, ambayo Mahakama ya Upeo, iliyo ya juu kabisa nchini humo, mwaka 2012 ilielekeza iwe imetungiwa sheria kufikia Agosti 2015, ilipita tarehe yake bila kutimizwa, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mwezi Septemba 2020 alivunje Bunge. Bunge halikuvunjwa.

"Umri wa msichana miaka, ushuru miezi, madaraka wiki," anasema Wakili. "Ndugu Mwandishi, hilo nalo linahitaji kuwaita waliojenga ukuta?"

Jibu la Mwandishi wa Sheria ndilo kiini cha mjadala wote, nalo linatoka kwa yule aliyetazamiwa kulikwepa. Anasema Wakili ameona tofauti lakini amekosea sababu yake. Serikali haina dharau ya pekee kwa wasichana wala mapenzi ya pekee kwa kodi. Serikali, kama mdaiwa yeyote, hukimbilia deni ambalo siku yake ikipita kuna kitu kitachukuliwa. Muda wa ushuru ulipokwisha, Hazina ilikosa fedha mwisho wa mwezi. Muda wa umri wa ndoa ulipokwisha, hakuna ofisi iliyofungwa, hakuna akaunti iliyokauka, wala hakuna msajili wa ndoa aliyepokea barua ya kumwambia asisajili. Kwa aliyeko mezani kwenye ofisi ya kuandaa miswada, ambako kila wizara hudai muswada wake utangulie, amri isiyo na gharama huwekwa chini ya rundo, na si lazima pawe na mtu mbaya aliyeiweka huko.

Maelezo hayo yanaonekana kuwa ya kweli, na kwa sababu hiyohiyo hayamtoi Mwandishi wa Sheria kwenye lawama. Kama tatizo ni kwamba amri haikuwa na gharama, basi anayelaumiwa kwanza ni mahakama iliyoitoa amri hiyo bila kusema nini kitafuata muda ukiisha. Na anayefuata ni mshauri wa Serikali aliyejua kwamba ibara ya 30(5) ilikuwa imekiua kifungu, akaacha wasajili waendelee kukisoma.

Hakimu, ambaye amekuwa akisikiliza huku akitikisa kichwa, anapinga dhana ambayo wote wawili wameikubali bila kuitaja, kwamba sheria hubadilika tu pale maandishi yake yanapobadilika. Anawakumbusha rufani ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaiagiza mahakama, inapovunja ndoa, igawe mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja kwa kuzingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Swali lilikuwa kama kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Mahakama ilijibu kuwa ndiyo, na kwa jibu hilo mgawanyo wa mali katika talaka nchini kote ukawa na msingi mwingine bila Bunge kubadili hata nukta. Rufani ya Bi Hawa mwenyewe ilishindwa, kwa sababu ya fedha alizokwisha kupewa na mumewe. Wanawake waliokuja baada yake ndio waliopata.

Mzee wa baraza anaingilia hapo. "Mheshimiwa, ilibadilika kwenye vitabu vyenu. Kule barazani tuliendelea kusikia wakiuliza, 'Alileta nini huyu?' miaka na miaka baada ya hapo. Hukumu iliandikwa Kiingereza, mahakama ya mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, na hakuna aliyekuja kutusomea."

Hakimu anakiri kwamba Mama amesema kweli. Kwa muda mrefu mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili huku hukumu za juu zinazozifunga zikiandikwa kwa lugha nyingine, na ni mwaka 2021 tu, kwa Sheria Namba 1 ya mwaka huo, Bunge lilipoamua kwamba lugha ya sheria na ya mahakama nchini iwe Kiswahili. Kazi ya kutafsiri sheria zilizokwishatungwa ni kubwa. Kazi ya kuzifikisha hukumu za zamani kwa wanaozitumia ni kubwa zaidi, na haizungumzwi sana.

Wakili analikubali somo la Bi Hawa lakini anaonya kwamba tafsiri ya jaji inaweza kurudi nyuma kama ilivyokwenda mbele. Kenya, Mahakama ya Rufaa mwaka 2007 katika shauri la Echaria ilikataa kuuhesabu mchango wa mke usio wa fedha, na ikabidi Bunge liandike katika Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 kwamba kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata kumpa mwenzi uandamani ni mchango. Mwaka 2023 Mahakama ya Upeo, katika shauri la Ogentoto, ilifafanua kwamba usawa wa wanandoa mbele ya Katiba hauna maana kwamba kila talaka igawe nusu kwa nusu, bali kila mmoja athibitishe alichochangia. Msimamo wa Tanzania wa mwaka 1983 na ule wa Kenya wa 2023 haiko mbali. Kilichozitofautisha ni kwamba upande mmoja ulifika kwa hukumu moja na mwingine ulihitaji hukumu, sheria na hukumu tena.

Mwandishi wa Sheria, akiona mizani inaelemea upande wa majaji, analeta mfano anaouogopa kila mwenye kazi ya kutekeleza hukumu. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Upeo ya Kenya, katika shauri la Francis Karioko Muruatetu, ilitamka kwamba adhabu ya kifo ya lazima, yaani ile isiyomwachia jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa, inapingana na Katiba. Shauri lilihusu kosa la kuua kwa kukusudia. Lakini sababu zilizotolewa zilikuwa pana, na mahakama za nchi nzima zikaanza kuwasikiliza upya waliofungwa kwa wizi wa kutumia nguvu na kwa makosa ya kujamiiana, zikawapunguzia adhabu. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Upeo ilitoa mwongozo kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Na mwezi Julai 2024, katika shauri jingine, ikairudisha adhabu ya miaka 20 ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeipunguza hadi 15 katika kosa la kumnajisi mtoto. Kutokana na miaka mitatu na nusu iliyopita kati ya hukumu na mwongozo, wafungwa wawili wenye kosa lilelile wangeweza kupata hatima tofauti kwa sababu mmoja aliitwa mahakamani kabla ya Julai 2021 na mwingine baada ya hapo. "Mnadai mahakama iandike sheria," anasema, "basi iandike kwa uangalifu tunaodaiwa sisi."

Lawama hiyo ni ya haki, ila inasahau kwamba katika miaka hiyohiyo Bunge la Kenya halikuwa limekigusa kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu. Mkanganyiko haukuzaliwa na hukumu peke yake. Ulikua katika nafasi iliyoachwa wazi na aliyetakiwa kuijaza.

Hakimu anawapeleka Uganda, ambako anaona jambo hilo lilifanywa vizuri zaidi. Katika shauri la Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, lililoamuliwa tarehe 21 Januari 2009, Mahakama ya Upeo ya nchi hiyo nayo iliiondoa adhabu ya kifo ya lazima, lakini haikuishia kwenye tamko. Iliamuru kwamba wale ambao hukumu zao zilikwisha thibitishwa na mahakama ya mwisho, wakakaa zaidi ya miaka mitatu bila kunyongwa wala kujibiwa ombi la msamaha, adhabu yao igeuke kifungo cha maisha. Na wale ambao rufani zao zilikuwa bado warudi Mahakama Kuu wasikilizwe juu ya adhabu. Kila mfungwa alijua yuko kundi gani siku ileile. Amri ilijitekeleza, na Bunge likachukua muda wake bila mtu kuning'inia.

"Hivyo ndivyo ingekuwa kwa kifungu cha 13," Wakili anadakia, na safari hii anakuja na karatasi. Kifungu kidogo cha kwanza, anaeleza, kinasema kwa maana yake kwamba asifunge ndoa mtu ambaye, akiwa mwanamume, hajatimiza umri unaoonekana wa miaka 18 au, akiwa mwanamke, hajatimiza umri unaoonekana wa miaka 15. Ibara ya 64(5) ya Katiba inaibatilisha sheria inayoikiuka, kwa kiasi inachokiuka na si zaidi. Kinachokiuka hapo ni ubaguzi kati ya mwanamume na mwanamke. Basi yafutwe maneno "akiwa mwanamume", na yafutwe yote yanayomhusu mwanamke. Kinachobaki ni sentensi kamili: asifunge ndoa mtu ambaye hajatimiza umri unaoonekana wa miaka 18. Hakuna neno lililoongezwa, hakuna ombwe, na hakuna haja ya kumsubiri yeyote.

Mwandishi wa Sheria anaichukua karatasi na kuisoma kwa jicho la kazi yake. Anauliza habari ya kibali cha mahakama kwa wenye miaka 14, anajibiwa kwamba kifungu kidogo hicho kinaondoka chote. Anauliza habari ya kifungu cha 17, ambacho kitabaki kikidai ridhaa kwa ajili ya mtu asiyeweza tena kuolewa. Hakimu anamjibu kwamba vitabu vya sheria vimejaa vifungu vya namna hiyo na havimdhuru mtu. Mwandishi wa Sheria anakubali, kwa shingo upande, kwamba kama angeletewa agizo hilo kuwa muswada asingekuwa na cha kusahihisha, ila anashikilia kwamba kuchagua 18 badala ya umri mwingine ni uamuzi wa sera, na kwamba jaji anayefuta maneno kwa ustadi kiasi hicho ametunga sheria hata kama hakuongeza neno. Wakili anamwambia kwamba 18 haikuchaguliwa na jaji. Iliandikwa na Bunge mwaka 1971, ikawekewa wanaume.

Linalobaki ni la utaratibu, na Hakimu ndiye anayelileta. Mahakama haitoi kisichoombwa, kwa hiyo ufutaji wa maneno unahitaji shauri jipya lenye ombi hilo. Lakini mwaka 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, likamtaka mwenye kufungua shauri la haki za msingi aambatanishe hati ya kiapo, yaani maelezo yaliyoapiwa, inayoonyesha jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye mwenyewe. Gyumi alifika mahakamani kwa manufaa ya wengine, kwa mlango ambao ibara ya 26(2) inamfungulia kila mtu anayetaka kuilinda Katiba, na mabadiliko hayo, ambayo nayo yalipingwa mahakamani, yaliubana mlango huo. Kwa sharti hilo mlalamikaji wa kwanza aliyefaa alikuwa msichana mwenyewe wa miaka 16. Naye, kwa kuwa hajafikia umri wa mtu mzima, hawezi kushtaki peke yake. Sharti asimame mtu mzima badala yake, na mtu wa kwanza ambaye kwa kawaida hutazamwa ni baba, ambaye ndiye mwenye kutoa ridhaa chini ya kifungu cha 17.